Wanamuziki wanne wa kwateti huku Magharibi mwa Kenya: mnalipa saa moja, kazi ni ya wiki nzima

#1 Mleta uzi

Mulembe wadau, oyawore, habari za huko kwenu.

Huu uzi nimeufungua sababu ya swali moja. Kila mtu akipiga simu kutafuta wapiga vayolini wa harusi au wa kupokea wageni hotelini huku kwetu, swali la kwanza ni mtapiga masaa mangapi, ukimwambia saa moja na nusu anachukua bei anaigawanya palepale kwa simu halafu anaguna. Nataka tuongee vizuri juu ya hiyo saa moja na nusu, maana hii kazi naipenda na naona inaweza kuisha huku kwetu kabla watu hawajaijua.

Mimi napiga viola, ile kama vayolini lakini kubwa kidogo na sauti yake iko chini. Tuko wanne, makao yetu ni Kisumu na tunazunguka Kakamega, Bungoma, Busia, Kericho, Eldoret mpaka Nakuru. Jina la kundi sitaweka, huu si uzi wa tangazo.

Kwa wenye hawajawahi kuona: kwateti ya nyuzi ni vayolini mbili, viola moja na chelo moja, ile kubwa ya besi unapiga umekaa, basi. Ngoma hakuna, kinanda hakuna, na mahali pazuri hata spika haihitajiki. Kama umeimba kwaya utaelewa haraka, ni soprano, alto, teno na besi zimewekwa kwa mbao. Aliyeukomaza huu mtindo ni Joseph Haydn wa Austria, 1732 hadi 1809, na kazi zake za watu wanne zinahesabiwa 68. Baada yake Beethoven akaandika 16, na mpaka leo mwanamuziki wa kwateti popote duniani anapimwa kwa hizo.

Sasa mnachofaa kujua ni kwamba kondakta hakuna. Anayeanzisha wimbo ni pumzi. Yule wa vayolini ya kwanza anavuta pumzi kwa pua, na kasi ya hiyo pumzi ndio kasi ya wimbo, ukikaa mstari wa mbele utaiskia kabisa. Lakini katikati ya wimbo tyuni inahamia kwa chelo, hapo pumzi inakuwa ya chelo, sote tunamfuata yeye, kisha inarudi. Hakuna mtu anasema kitu. Watu wanne wanafaa kujua kila mahali ni zamu ya nani kuongoza, na hiyo haiandikwi kwa karatasi, inatoka kwa mazoezi tu.

Halafu kuna sauti yenyewe. Vayolini haina freti kama gitaa. Kidole kikisonga milimita moja nota imeshatoka mahali pake. Mbaya zaidi, nota sahihi si moja. Mkishika kord, yaani nota kadhaa kwa pamoja, tuseme do mi so, mwenye mi lazima aishushe kidogo kuliko ile mi ya kinanda, ndio kord itulie, na mwenye so na do wamwachie nafasi. Dakika mbili baadaye hiyo hiyo nota ikiwa sehemu ya kord ingine unaibadilisha tena. Kwa hivyo sisi tunajenga kutoka chini, chelo anashika nota yake, mimi naongeza yangu, vayolini ya pili anaingia, wa kwanza anakuja mwisho. Kord moja tu. Tunaweza kukaa na baa nne, yaani vipande vinne vifupi vya wimbo, asubuhi nzima, tunamtoa mmoja tunaskiza watatu, tunamrudisha. Kisha tunabishana upinde uende juu au ushuke, sababu upinde ukishuka nota inakuwa nzito, ukipanda inakuwa nyepesi, na tukikosana hapo hata mtoto kwa hadhira ataona mikono inaenda ovyo.

Hiyo ndio saa moja na nusu yenu. Mnanunua asubuhi zote hizo, na zikikosa kulipiwa hamtapata kwateti, mtapata watu wanne wamevaa suti nyeusi.


#2

Mkuu nimesoma yote na heshima yako, lakini hiyo muziki si ya kwetu bana. Huku tuko na nyatiti, tuko na orutu, ngoma ya isukuti iko Kakamega hadi UNESCO wameiorodhesha 2014. Kwa nini mtu wa Ahero au Khayega atoe pesa yake kuskiza Haydn


#3 Mleta uzi

Omera swali zuri na nilikuwa nalingoja.

Kusugua uzi kwa upinde hakukuletwa huku na mzungu. Orutu ni nini? Ni uzi mmoja, mti, kibuyu au mbao iliyochimbwa ikafunikwa ngozi ya kenge, na upinde wa katani. Waluhya wako na shiriri, ndugu yake kabisa. Mpiga orutu akiteleza kidole kutoka nota moja hadi ingine bila kuinua, hiyo mbinu mwanafunzi wa vayolini anafundishwa miaka. Nyatiti ina nyuzi nane, Wabukusu wana litungu, Abagusii wana obokano yenye besi inatetemesha kifua. Sijui sehemu ingine ya nchi yenye masikio ya nyuzi kuliko hii. Hata gitaa la benga lilijifunza kukimbia kutoka kwa nyatiti.

Kwa hivyo mtu wa Ahero akituskia hashangai kama vile watu wanadhani. Tulipiga benga ya zamani kwa matanga moja huko pande za Nyando, wazee walikuja kusimama nyuma ya kiti cha chelo wakimwangalia mkono wa kushoto, sababu alikuwa anadonoa nyuzi kwa vidole, upinde ameuweka pajani, besi ya nyatiti inatoka vile inafaa. Shida ilikuwa ile pete ya chuma. Mpiga nyatiti anavaa pete kwa kidole kikubwa cha mguu anagonga nayo mbao, na njuga ziko mguuni, yaani mtu mmoja ni bendi. Chelo hawezi kufanya hiyo yote. Kwa hivyo hapo mimi wa viola nageuza upinde nagonga nyuzi kwa ule mti wake badala ya nywele, inatoa mlio mkavu, tko tko, na vayolini ya pili anachukua mstari wa orutu kwa uzi mmoja tu, hataruhusiwa kuvuka hata kama ni rahisi, sababu akivuka inaskika kama vayolini.

Na si sisi tulianza. Justinian Tamusuza, mtunzi wa hapo Uganda, aliandikia kwateti ya nyuzi muziki wenye mdundo wa Kiganda, na Kronos Quartet ya Marekani wakaurekodi kwa albamu yao ya 1992 yenye watunzi Waafrika watupu. Afrika Kusini kulikuwa na Soweto String Quartet, ndugu watatu wa familia ya Khemese pamoja na Makhosini Mnguni, wakapiga muziki wa kwao kwa vyombo hivi hivi na watu wakanunua. Haydn tunapiga pia, na tutaendelea, sababu yeye ndiye anafundisha watu wanne kuongea. Lakini nyumbani ni nyumbani.


#4

Naomba niulize kama mzazi. Binti yangu yuko sekondari hapa Kakamega, anapiga vayolini kanisani na anasoma solfa vizuri sana. Anasema anataka hii iwe kazi yake. Baba yake hataki kuskia. Je kweli inalisha mtu? Msinidanganye tafadhali


#5 Mleta uzi

Mama shikamoo, sitakudanganya.

Inalisha, lakini si kwa jukwaa. Pesa ya wanne wetu ikija, sehemu kubwa ni kufundisha watoto, shuleni na nyumbani, kisha harusi na hoteli na matanga, kisha makanisa wakati wa Krismasi na Pasaka, na konsati yenyewe, ile watu wanalipa kiingilio wanakaa kimya wanaskiza, ndio inaleta kidogo kabisa. Mtu akikuambia mwanamuziki wa nyuzi huku anaishi kwa konsati, huyo mwache. Lakini mwalimu mzuri wa vayolini Kisumu, Eldoret au Nakuru hakosi wanafunzi, na kwa mtaala huu mpya sekondari ya juu kuna njia ya sanaa na michezo, walimu wa vyombo watahitajika.

Kuhusu binti, solfa ni mwanzo mzuri sana, ametengeneza sikio. Ila kwateti inasoma stafu, zile nota za mistari mitano, na inasoma haraka. Aanze leo. Asingoje afike chuo. Achukue wimbo wa kitabu cha nyimbo anaoujua kwa solfa aufuate kwa stafu, sauti ya alto si soprano, sababu soprano ataipiga kwa kichwa bila kuangalia karatasi. Mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya Uingereza, iko gredi ya 1 hadi ya 8 na inafanywa hapa Kenya, impeleke mbali vile anaweza. Akitaka kusomea kuna Chuo Kikuu cha Maseno karibu, kuna cha Kenyatta, na Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music iliyoko tangu 1944.

Na nikuombe kitu kimoja mama, mikono yake ikiwa mirefu kidogo mwambie ajaribu viola. Nyuzi zake ni C G D A, zinashuka chini ya vayolini, na inasomwa kwa ufunguo wa alto ambao wengi wanauogopa. Wapiga vayolini ni wengi, wa viola unawahesabu. Mozart alipenda kukaa kiti hicho kwenye kwateti, Beethoven kijana alikuwa mpiga viola wa okestra. Ukiwa hapo uko katikati ya kila kitu, juu yako kuna tyuni, chini yako kuna besi, wewe ndiye unaamua kord imecheka au imehuzunika, sababu mara nyingi ile mi iko kwako. Sijawahi kutamani kiti kingine.

Baba yake aje mazoezini siku moja akae tu. Hatuna siri.


#6

Mimi niko Nakuru napiga chelo, sina kundi la kudumu. Ongezea hapo habari ya safari maana watu hawajui. Matatu ya Kisumu chelo inalipiwa kiti chake, na bado makanga anataka kuifunga juu ya keria na kamba. Halafu hali ya hewa wadau. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari na kuna unyevu wa ziwa, Nakuru iko 1,850 hivi, katikati umepita Kericho mvua na Mau Summit baridi ya kukata. Mbao inavimba, inakauka, vile vigingi vya kukaza nyuzi kwanza vinakwama kisha vinateleza, unafungua mfuko nyuzi zote zimelegea na watu wanakungoja uanze


#7 Mleta uzi

Umesema ukweli wote ndugu. Na niongeze la gari, chelo au vayolini usiache kwenye buti juani hata dakika za kununua soda. Vyombo hivi vimeshikwa kwa gundi ya wanyama, imewekwa makusudi iachie kabla mbao haijapasuka, kwa hivyo joto likizidi mshono unafunguka. Kuna kijiti ndani ya chombo, kimesimama tu kati ya mbao ya juu na ya chini bila gundi yoyote, kikianguka sauti yote imekufa, na fundi wa kukisimamisha sawasawa wengi wetu tunamfuata Nairobi. Nywele za upinde pia, ni za mkia wa farasi, zikiisha ni safari hiyo hiyo. Mtu akiona nauli kwenye bei yetu anadhani ni ya kutoka Kondele hadi Milimani, hapa hapa Kisumu.

Sisi tukienda Nakuru kwa shoo ya jioni tunafika mapema asubuhi, tunafungua mifuko, tunaacha vyombo vizoee chumba. Hiyo nayo ni siku ya kazi.


#8

Naskia lakini si lazima kundi la kudumu. Mimi napanga shughuli za watu, mara mingi nachukua wanne wazuri kutoka Nairobi, wanakutana hapo asubuhi, wanasoma karatasi, wanapiga, kila mtu anaenda. Wageni hawajui tofauti na bei inaingia


#9 Mleta uzi

Dada hapo ndio nataka tukae kidogo, sababu ndio jambo lenyewe.

Wanne wazuri wakikutana asubuhi watapiga nota zote, sikatai, wengine ni marafiki zangu na wananizidi vidole. Lakini wataangalia karatasi. Kila mtu atapiga kwa usalama, sauti ya katikati, kasi ya katikati, sababu hajui mwenzake atafanya nini. Hakuna atakayethubutu kupunguza sauti mpaka ibaki kama pumzi, anaogopa atabaki peke yake. Wageni wako hawatasema ni mbaya. Watasema ni nzuri kisha wataendelea kuongea. Wakipiga watu waliokaa pamoja, vijiko vinasimama, hiyo nimeiona sehemu nyingi kutoka Dunga mpaka Webuye, na si sababu sisi ni mafundi kuliko wengine.

Amadeus Quartet walianza London 1947, watu wale wale wanne, miaka 40. Mwaka 1987 Peter Schidlof wa viola akafariki, na wale watatu waliobaki hawakutafuta mwingine, wakafunga. Wangepata mtu? Wangepata wengi sana, London si mahali pa kukosa viola. Borodin Quartet ya Moscow, Valentin Berlinsky alikaa kiti cha chelo tangu 1945 hadi 2007. Hawa si watu waliokosa kazi ingine.

Lakini pia hawakuishi kwa hewa. Angalia Vienna, 1808, Razumovsky aliyekuwa balozi wa Urusi aliajiri kwateti ya Ignaz Schuppanzigh kwa mshahara, kazi yao ikiwa kukaa pamoja na kupiga. Beethoven akawa na watu wanne tayari wa kujaribia muziki mgumu ambao hakuna mtu angeusoma asubuhi moja. Mwisho wa 1814 jumba la Razumovsky likaungua, mali ikapungua, 1816 Schuppanzigh akaondoka kutafuta riziki Urusi. Yaani hata hapo, na Beethoven yuko mtaani, mwenye kulipa akitoka kundi linavunjika.

Ndio vile kunatokea huku. Kwateti za huku haziuliwi na kukosa talanta. Zinaisha mmoja akipata kazi ya kufundisha Nairobi au meli za watalii au chuo ng'ambo, na sina ubaya naye, ana watoto. Linabaki pengo, tunaazima mtu, tunaanza kord moja upya kutoka chini. Nimeona makundi mazuri yakiishia hapo.

Kwa hivyo maombi yangu si kwamba kila harusi ilipe mara tatu. Ninachotaka ni mahali pamoja, chuo kimoja, au kanisa kubwa, au kaunti, au hoteli zenye zinajua zitahitaji muziki mwaka mzima, wakae chini waajiri wanne pamoja kwa mkataba mmoja. Wafundishe asubuhi, wafanye mazoezi mchana, wikendi wapige. Kwaya zetu zinalipiwa sare na basi na kambi za mazoezi kabla ya mashindano na hakuna anayeuliza kwa nini, sababu kila mtu anajua kwaya bila mazoezi ni kelele. Kisumu ni jiji, Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, Eldoret nayo Agosti 2024. Majiji matatu pande hizi, na tunashindwa kuweka watu wanne chumba kimoja?


#10

Niko na masomo ya muziki chuo, mwaka wa pili, vayolini. Hii ya kord kutoka chini tumejaribu leo jioni na wenzangu, tulitoa kinanda kabisa. Ile mi ukishusha kidogo unaskia mbao inatetemeka mkononi. Sikuwa najua


#11 Mleta uzi

Safi sana kijana. Sasa jaribuni na sauti ndogo, ndogo kabisa, hapo ndio ngumu. Na mbadilishane viti, wewe wa vayolini ya kwanza kaa ya pili mwezi mzima. Wa pili ndiye anabeba mdundo na ndiye anajua wa kwanza atafanya nini kabla mwenyewe hajajua. Wa pili mzuri ni adimu kuliko wa kwanza mzuri, hilo nasimama nalo.


#12

Sawa mmenishawishi. Niko na harusi ya dadangu Desemba, nje kwa bustani, upande wa Kakamega, ibada saa nne. Nahitaji kuandaa nini ndio wapige vizuri? Bei tutaongea


#13 Mleta uzi

Asante ndugu na hongera kwa dada.

Viti vinne visivyo na mikono, vigumu, si vile vya plastiki vya kukumbatia mtu, mkono wa upinde unagonga. Chelo anataka chini pawe pagumu, ule mguu wake wa chuma ukizama kwa nyasi anateleza wimbo mzima, kipande cha mbao au zulia kinatosha. Kivuli cha kweli, tena muangalie jua litakuwa wapi saa nne na litakuwa wapi saa sita, hema la asubuhi mara mingi halifuniki mtu adhuhuri. Mvua ikinyesha sisi ndio tunaingia ndani kwanza, naomba emsii aambiwe mapema asikasirike. Upepo tutabeba vibanio vya nguo vya kushikia karatasi, hivyo huwa viko kwa kila mfuko.

Msituweke kando ya jenereta wala chini ya spika ya didjei. Kama lazima maiki, ziwe mbili mbele kwa mbali kidogo, si moja ya chelo peke yake, watu wa saundi hupenda kuifanya chelo ingurume mpaka sisi wengine tunapotea.

Nyimbo mbili za familia tutumie mapema, hata ukirekodi shangazi akiimba kwa simu inatosha, tunaandika sauti nne kutoka hapo. Zikija wiki ya mwisho tutapiga lakini haitakuwa ile kitu. Na waambieni wale wanaoingia na bibi harusi waje mazoezi moja watembee tukiwa tunapiga, ndio tujue mwendo wao, wengine hutembea polepole sana na wimbo unaisha wakiwa katikati ya nyasi.

Nitumie tarehe na mahali kwa inboksi leo, Desemba inajaa haraka.